Viapo Viwili vya Kamishna Charles Warren



Mada niliyopewa ni askari polisi na Frimasoni. Huku kwetu jina hilo likitajwa, watu hushusha sauti. Mtu akitajirika ghafla, mtaani watasema katoa kafara. Marehemu Sir Andy Chande, aliyekuwa mkuu wa Wafrimasoni wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alijitokeza hadharani akaeleza chama chake ni nini, na uvumi haukukoma. Nimeamua kumzungumzia mtu wa mbali, Sir Charles Warren, kamishna wa polisi wa London kuanzia 1886 hadi 1888. Kumbukumbu za ofisi yake zipo na zinasomeka, na tuhuma aliyobandikwa ni nzito: kwamba alifuta ushahidi wa mauaji ili kuwakinga ndugu zake wa loji, yaani tawi la Wafrimasoni.

Warren alizaliwa Bangor, Wales, mwaka 1840, akawa mhandisi wa jeshi. Aliingizwa katika Frimasoni akiwa Gibraltar, kijana wa miaka 19. Kati ya 1867 na 1870 alikuwa Yerusalemu akichimba kuzunguka kuta za Mlima wa Hekalu. Wenye mamlaka walimkataza kugusa eneo takatifu, basi alichimba visima kando, kisha akapenya kwa mahandaki hadi kwenye msingi wa ukuta, pengine zaidi ya mita 20 chini ya ardhi, udongo ukimporomokea yeye na vibarua wake. Wafrimasoni hujenga mafundisho yao juu ya simulizi la Hekalu la Sulemani. Mwenzao huyu alikwenda kulipima kwa futi na kamba.

Ndiyo maana Januari 1886, ilipozinduliwa London loji ya utafiti iitwayo Quatuor Coronati, mkuu wake wa kwanza alikuwa yeye. Kibali cha loji hiyo kilikuwa kimetolewa tangu 1884, lakini waanzilishi walimsubiri arudi kutoka Bechuanaland, alikopelekwa na jeshi. Kazi yao ilifanana na hii yetu ya leo: mwanachama anasoma mada, wenzake wanaihoji, kisha mada na mjadala wake vinachapishwa. Warren mwenyewe alisoma mada kuhusu mwelekeo wa mahekalu ya kale. Jina lake na cheo chake cha loji vilichapishwa, na yeyote aliyetaka kujua aliweza kujua.

Miezi michache baadaye akakabidhiwa polisi. Aliingia akiwa mwanajeshi, akatawala kijeshi. Novemba 13, 1887, alizuia mkutano wa hadhara Trafalgar Square kwa kutumia polisi na askari wa jeshi. Mamia waliumia, na wapo waliokufa kwa majeraha. Hili ndilo doa kubwa katika utumishi wake, na nasikitika kwamba wanaomwandama kwa ajili ya loji hulipita haraka.

Sasa tuje kwenye usiku wa Septemba 30, 1888. Wanawake wawili wameuawa mashariki mwa London chini ya saa moja. Karibu saa tisa usiku konstebo Alfred Long anaokota kipande cha aproni chenye damu mlangoni mwa jengo la wapangaji, mtaa wa Goulston. Juu yake, ukutani, pana maneno ya chaki yanayowataja Wayahudi, tahajia ikiwa imekosewa. Wapelelezi wa polisi wa City, ambao ni jeshi jingine, wanataka yapigwe picha kukicha. Mmoja anashauri ufutwe mstari wa juu tu. Warren anafika mwenyewe alfajiri, anatazama, na anaamuru yote yafutwe. Picha haikupigwa. Kilichobaki ni nakala za mkono, nazo hazilingani.

Mwaka 1976 mwandishi Stephen Knight alidai kwamba neno lile lililokosewa liliwataja wauaji watatu wa hadithi ya Wafrimasoni, na kwamba Warren alilitambua mara moja. Lakini majina ya wauaji hao yalikuwa yameondolewa katika ibada za loji za Uingereza tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Isitoshe, Novemba 6 Warren aliiandikia Wizara ya Mambo ya Ndani akitoa sababu zake. Ilikuwa Jumapili, siku ya soko. Muda si mrefu mtaa ungejaa wauzaji na wanunuzi, Wayahudi na Wakristo. Mji ulikuwa umekwishawashuku Wayahudi kwa mauaji ya wanawake yaliyotangulia. Aliona kwamba hata maandishi yakifunikwa, kifuniko kingeraruliwa, nyumba zingevamiwa na watu wangekufa.

Mimi naona alikosea. Askari wachache wangeuziba mlango ule hadi mwanga upatikane. Hata hivyo ni kosa la mkuu wa polisi aliyeogopa ghasia, chini ya mwaka mmoja baada ya Trafalgar Square, na sababu zake ziko kwenye karatasi yenye sahihi yake. Bila barua ile, nisingekuwa na la kumtetea.

Mwezi huohuo wa Novemba alijiuzulu, baada ya kukaripiwa kwa kuchapisha makala kuhusu polisi bila ruhusa ya waziri. Alirudi jeshini, akapelekwa Singapore, na huko akawaongoza Wafrimasoni wa eneo lile. Mwaka 1900 alikuwa miongoni mwa makamanda walioshindwa vitani kule Spion Kop, Afrika Kusini. Alipostaafu aligeukia vijana wa skauti, akawalea hadi uzeeni. Alifariki 1927.

Swali la viapo viwili, cha polisi na cha loji, halikufa naye. Mwaka 1985 kamishna mwingine wa London, Sir Kenneth Newman, aliwashauri maofisa wakae mbali na Frimasoni. Januari iliyofuata maofisa wa jeshi hilohilo wakazindua loji yao, Manor of St James's. Mwaka 2021 jopo lililochunguza mauaji ya mpelelezi binafsi Daniel Morgan lilisema halikuona ushahidi kwamba njia za Kifrimasoni zilitumiwa kuvuruga upelelezi. Hata hivyo lilipendekeza maofisa watangaze uanachama wao.

Naunga mkono pendekezo hilo, na nataka tulijadili hapa kwa ajili ya vyama vyote vya kiapo, viwe vya dini, vya ukoo au vya loji. Rejista ya uanachama haitanyamazisha uvumi. Uanachama wa Warren ulijulikana na bado alisingiziwa. Ila jalada linapopotea au mtuhumiwa anapoachiwa usiku, mkaguzi atakuwa na pa kuanzia: afungue rejista, aangalie nani ni ndugu wa nani, kisha aulize amri ilitolewa na nani na sababu iliandikwa wapi. Mwenye rejista inayosomeka na sababu iliyoandikwa atajibu siku hiyohiyo, akiwa bado kazini, na hatawaachia wanawe kazi ya kulisafisha jina lake.