KIATU KISEMACHO: MAZUNGUMZO JUU YA VYOMBO TUNAVYOVAA WAKATI WA KUKIMBIA

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya wafanyakazi wa Serikali na wananchi wanaoshiriki mazoezi ya asubuhi.)



Niliombwa nizungumzie faida za kukimbia. Faida hizo mnazijua, na wengi wenu huwaona alfajiri katika barabara ya pwani kabla ya saa za kazi. Kwa hivyo nimeona bora nizungumzie vyombo tunavyovaa tunapokimbia, kwani husema mengi kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, na mtu akaweza kutembea na kanda zake za muziki bila ya kumsumbua jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Polar ya Finland ilitoa kipimo cha mapigo ya moyo kisicho na waya: mkanda kifuani, saa mkononi. Mwaka 2006 kampuni za Nike na Apple ziliunganisha muziki na vipimo. Kihisi kidogo kiliwekwa ndani ya kiatu cha kushoto. Kila mguu ulipokanyaga, kihisi kilipeleka habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye iPod, na sauti ikamwambia mkimbiaji sikioni mwake amekwenda masafa gani na kwa kasi gani. iPod haitengenezwi tena tangu mwaka 2022, lakini kazi hiyo sasa hufanywa na saa na simu tulizonazo.

Mwaka huo huo wa 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kwamba kila kihisi kilikuwa na namba yake pekee, nacho kilitangaza namba hiyo kila mwenyewe alipotembea, hata kama iPod ameiacha nyumbani. Mtu mwingine mwenye kipokezi aliweza kuinasa kutoka umbali wa kiasi cha mita 18. Mume mwenye wivu, au mwizi mwenye subira, angeweza kuficha kipokezi karibu na mlango na kujua nani katoka na saa ngapi. Na mwenye kiatu hakufanya kosa lolote ila kukivaa.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo wakimbiaji huipelekea rekodi za mbio zao, ilitoa ramani ya dunia inayong'aa pale watu wanapokimbia. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia alibainisha kwamba ramani ile ilionyesha kambi za kijeshi huko Syria na Afghanistan, kwa kuwa askari walikimbia kuzunguka kambi zao na saa zao mikononi. Agosti mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikawakataza askari walioko katika maeneo ya operesheni kutumia huduma za kuonyesha mahali katika vyombo hivyo.

Sisi hatuna kambi za siri za kutaja katika kikao hiki, lakini kila mmoja wetu ana mlango wa nyumba. Mbio zinazoanzia mlangoni na kumalizikia mlangoni, kila siku saa ile ile, humjulisha mtu baki nyumba ni ipi na wakati gani haina mtu. Kwa akina mama na mabinti wanaokimbia peke yao, jambo hili ni zito zaidi. Nawaomba rekodi zenu zisionekane na kila mtu, na chombo kiwashwe mtu akishafika mbali na nyumba yake. Wanaofanya kazi katika majengo yenye ulinzi wazime kabisa sehemu ya kuonyesha mahali wawapo kazini.

Kuhusu muziki nitasema machache. Kanuni za riadha za kimataifa haziruhusu redio na vyombo mfano wake katika eneo la mashindano. Barabarani hapana mwamuzi. Mimi mwenyewe, nikiwa nimeziba masikio yote mawili, sikuisikia vespa iliyokuja nyuma yangu mpaka ilipogusa kiwiko changu. Tangu siku hiyo sikio la upande wa barabara huliacha wazi.

Wenye saa au simu na hawajui pa kuzima, waje nazo hapa mbele baada ya kikao, tuzitazame moja moja.