Mbolea Imetajwa, Fundi wa Trekta Hajatajwa

Tangazo kuhusu mbolea ya ruzuku, ile ya shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50, limekwisha kujadiliwa vya kutosha katika masoko ya Endebess na Kitale, na wasikilizaji hawana haja ya kurudiwa. Kinachokitia kituo hiki wasiwasi ni kile ambacho tangazo hilo, kama yaliyolitangulia, halikukigusa. Mbolea imetajwa, bei imetajwa, lakini fundi anayelala chini ya trela ili trekta liingie shambani hakutajwa.

Kaunti ya Trans Nzoia imelima kwa mashine tangu enzi ya walowezi, na hata leo, kuanzia mashamba makubwa ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, hadi kwa mwenye ekari mbili anayekodi trekta la jirani, mahindi hungoja mvua za Machi na Aprili. Kwa sababu hiyo plau na matrela yaliyolala tangu mavuno hufikishwa kwa mafundi wa jua kali kwa mkupuo mmoja, na kila mwenye trekta hutaka lake litoke kesho. Haraka hiyo ndiyo inayoumiza watu, nayo pia haitajwi.

Hatari ya kwanza iko kwenye haidroliki, mfumo ambao mafuta yaliyobanwa na pampu husukuma pistoni ndani ya silinda. Katika matrekta ya kawaida shinikizo hilo, yaani nguvu ya mafuta juu ya kila sehemu yanapogusa, huweza kufikia kilo 150 kwa sentimita moja ya mraba, kwa hivyo pistoni yenye kipenyo cha sentimita 10 husukuma kwa nguvu ya karibu tani 12. Mzigo wote huo hushikiliwa na mafuta, na mafuta hushikiliwa na paipu ya mpira na sili ambazo huenda zimechakaa. Paipu ikipasuka, au mtoto akichezea liva, sanduku la trela lililoinuliwa hushuka hata injini ikiwa imezimwa. Silinda huinua mzigo. Haikuundwa kumlinda aliye chini yake.

Hatari nyingine ni vigumu kuiona. Paipu yenye tundu la ukubwa wa ncha ya sindano hutoa uzi mwembamba wa mafuta, na fundi anayepapasa kwa kidole ili ajue panapovuja huingiziwa mafuta hayo chini ya ngozi, hata akiwa amevaa glavu. Panapovuja hutafutwa kwa kipande cha boksi au ubao, kamwe si kwa mkono.

Springi nayo huhifadhi nguvu kimyakimya. Kwenye plau ya diski, gurudumu la nyuma linalopita mferejini hukazwa na springi nzito, na fundi mwenye haraka, akikuta nati imeshikwa na kutu, huikata kwa gesi, ndipo springi huruka na chochote kilicho mbele yake. Nati hiyo hulainishwa kwa mafuta na kulegezwa mzunguko mmoja mmoja hadi springi itulie, fundi akiwa ubavuni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awalinde wanaomfanyia kazi, lakini fundi anayeitwa kwa simu na kulipwa jioni ni nadra kuhesabiwa miongoni mwao. Hakutajwa wakati wa mbolea, na hatatajwa wakati wa mavuno. Basi wenye matrekta wasingoje atajwe! Plau na ishushwe hadi chini kabla spana haijaguswa. Injini na izimwe, ufunguo uondolewe, liva isukumwe mbele na nyuma hadi shinikizo liishe. Trela likilazimika kubaki juu, na liwekewe nguzo ya chuma, wala si tofali, ambalo huvunjika bila kuonya.

Na aliyeingiziwa mafuta chini ya ngozi asikae nyumbani kungoja uvimbe, hata kama jeraha ni kitone kisichouma. Apelekwe hospitalini saa ile ile, na anayempeleka aseme mlangoni kwamba mafuta ya haidroliki yameingia ndani ya nyama, kwa maana jeraha hilo huhitaji daktari wa upasuaji mapema, na mhudumu asiyeambiwa huweza kulibandika plasta na kumrudisha mgonjwa karakanani.