Vitu vya Wazee Wetu na Mwenye Kuvieleza

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mmoja ana penseli, maana tutaitumia mwishoni. Ninyi mlioko Muleba, Kamachumu, Nshamba na Rubya, somo la leo ni lenu hasa.

Neno letu la leo ni makumbusho. Limetokana na kukumbuka. Nyumba ya makumbusho ni nyumba ambamo vitu vya kale na vya sanaa hutunzwa, watu wapate kuvitazama na kukumbuka. Lakini nawauliza: ni nani anayekumbushwa, na ni nani anayemkumbusha?

Fikiri umeingia katika nyumba ya namna hiyo huko Ulaya. Chumba cha kwanza kina picha za rangi, na kando ya kila picha pana kikaratasi chenye jina la mchoraji, mwaka aliozaliwa na mji wake. Chumba cha pili unakuta nanga, kama ile aliyopiga mzee wa kijijini kwenu. Kwa desturi ya zamani kikaratasi chake husema maneno machache tu: chombo cha muziki, Afrika ya Mashariki. Aliyeichonga hana jina, wala aliyeipiga. Hata nanga yenyewe imenyimwa jina lake la Kihaya, na habari za mashujaa zilizosimuliwa kwa nyuzi zake hazitajwi.

Mambo hayo yalitokeaje? Wajerumani walijenga boma lao Bukoba mwaka 1890, na katika utawala wao nchini vitu vingi vilichukuliwa kupelekwa kwao. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, na vingine vilitekwa vitani. Mara nyingi aliyeandika kikaratasi alimwuliza msafiri aliyekileta kitu; aliyekitengeneza hakuulizwa. Basi makumbusho yalijaa vitu vyetu bila maneno yetu.

Sasa sikilizeni habari ya karibu. Huko Katuruka, karibu na Maruku, wazee walikuwa na hadithi juu ya mfalme Rugomora Mahe. Walisema alitaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni, na chuma chake kilifuliwa chini ya mti mkubwa ulioitwa Kaiija. Mgeni angeweza kucheka. Lakini mtaalamu mmoja Mmarekani, Peter Schmidt, hakucheka. Aliwasikiliza wazee, wakampeleka penye mti, na mwaka 1970 akachimba pale pale. Chini ya ardhi palikuwa na mabaki ya kazi ya chuma ya kale sana, ya miaka ipatayo 2,000! Wazee walikuwa wameshika kumbukumbu ya mahali pale kwa mdomo tu, bila kitabu.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1976 wazee wa Buhaya waliombwa wajenge tena tanuru la kuyeyushia chuma. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa miaka mingi, kwa sababu majembe ya dukani yalikuwa rahisi. Basi wazee wakakumbushana mambo waliyoyajua ujanani: udongo wa kichuguu, majani ya bwawani yaliyochomwa ndani ya shimo, makaa, mivukuto, na mirija ya udongo ya kupitishia upepo. Walijaribu, wakakosea, wakajaribu tena, hata chuma kikatoka. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika gazeti la wataalamu huko Marekani kwamba mababu wa watu hawa walikuwa na ufundi mkubwa wa moto tangu kale. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya baadhi ya maneno yao, na hiyo ndiyo kazi ya wataalamu. Lakini jambo moja halibishaniwi: walimu wa kazi ile walikuwa wazee wa vijijini, wengine wasiojua kusoma.

Baadaye pakaja msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu wa Kagera. Mnajua wenyewe ni nyumba ngapi zilifungwa. Schmidt aliporudi miaka mingi baadaye alikuta wengi wa wale wasimulizi wamekufa. Akina mama ndio waliokuwa wameshika sehemu kubwa ya habari zilizobaki, na zamani hakuna aliyewauliza sana.

Huko nje mambo yameanza kubadilika, ingawa polepole. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa kwa Wahehe mwaka 1954. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika makumbusho yetu Dar es Salaam mwaka 1984 kilirudishwa kutoka Uswisi mwaka 2010. Jirani zetu wa Uganda walipokea vitu 39 kutoka Cambridge mwaka 2024, lakini kwa mkopo. Mimi sioni sawa mtu kuazimwa kiti cha babu yake. Hata hivyo kiti kilicho nyumbani ni afadhali kuliko kilicho mbali. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, mji wa Berlin ulifungua maonyesho ya historia ya Tanzania, na wataalamu wa Makumbusho yetu ya Taifa walishiriki kuyatayarisha. Hapa kwetu, Kijiji cha Makumbusho Dar es Salaam kina nyumba ya msonge ya Kihaya. Ukienda, ingia ndani, usome walichoandika. Ukiona wamekosea, waambie! Sasa unajua kusoma, huna haja ya kumwuliza mtu kimeandikwa nini.

Jihadharini pia na mfanyabiashara anayekuja na gari kununua mkuki wa babu au nguo ya lubugo kwa bei ya sukari kilo mbili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kupeleka nje ya nchi vitu vya kale bila kibali cha Serikali. Tena kitu kikiondoka hivyo, kinaondoka bila habari zake, na huko kitaandikiwa kikaratasi na mtu asiyemjua babu yako.

Basi shikeni penseli. Wiki hii tafuta nyumbani kitu kimoja cha zamani: kibuyu, kiti, jembe, kikapu, ngoma. Mwulize mama au nyanya yako. Andika jina lake kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Andika nani alikitengeneza, kwa mti au udongo gani, kilitumika siku gani, na nani hakuruhusiwa kukigusa. Usipopata jibu la swali moja, acha nafasi wazi, uende kwa jirani. Mwalimu wenu atayakusanya maandishi hayo Ijumaa, na kitu chenyewe kibaki nyumbani.