Bomba la Moshi: Usinunue kwa Mlio Wala kwa Bei Peke Yake

Maelezo kwa wenye magari, madereva na mafundi, Mwabungo



Leo tuzungumze juu ya bomba la moshi, yaani ekzosi. Wengi hulikumbuka linapoanza kunguruma au kuburura barabarani. Hapo tunakimbilia spea ya kwanza tunayoiona. Naomba tutulie kidogo, kwa sababu bomba hili hulinda pumzi ya waliomo ndani ya gari.

Kwetu pwani, ekzosi huliwa pande mbili. Nje, chumvi ya upepo wa bahari huleta kutu. Ndani, petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Gari linaloishia Ukunda na kurudi halipati moto wa kutosha kuyakausha maji hayo, nayo hubaki kwenye sailensa yakiitoboa polepole.

Tundu hilo ndilo hatari. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na mtu aweza kudhani ni malaria. Watoto na akina mama wajawazito huumia zaidi. Abiria wakianza kulalamika hivyo, simamisha gari, zima injini, watoe wote nje wapate hewa safi, kisha wapelekwe hospitali mara moja.

Sasa, unapochagua spea, zingatia haya:

Kwanza, chuma chenyewe. Chuma cha kawaida ni cha bei nafuu lakini hapa hakidumu. Kilichopakwa aluminiamu kinastahimili zaidi. Stenlesi ni ghali, lakini ndiyo inayoivumilia chumvi kuliko vyote. Bomba la maji si bomba la moshi: lile lililopakwa zinki likichomelewa hutoa mvuke unaomdhuru fundi.

Pili, kipimo. Nunua upana uliotoka na gari. Bomba pana kupita kiasi haliongezi nguvu kama vijana wanavyoamini. Mara nyingi gari huwa zito kuondoka. Mlio nao una sheria. Kanuni za Trafiki zinataka kila gari liwe na sailensa, na kanuni za NEMA za mwaka 2009 zinadhibiti kelele za magari.

Tatu, kichujio cha moshi, yaani kataliti. Hiki hugeuza sehemu kubwa ya hewa ya sumu kabla haijatoka. Ndani yake mna madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Ndiyo maana wezi hukitafuta, na fundi asiye mwaminifu aweza kukitoa na kukuwekea bomba tupu. Simama karibu kazi ikifanyika, na udai kurudishiwa kile cha zamani. Ukiuziwa kilichotumika, kitikise: kikigongagonga ndani, kimevunjika. Kikiwa chepesi kama kopo, hakina kitu.

Nne, vifaa vidogo. Badilisha gaskiti, boliti na raba za kuning'iniza. Bomba jipya kwenye gaskiti kuukuu litavuja vilevile. Kabla ya kuchomelea, fundi atoe waya wa betri na ahakikishe cheche haziko karibu na tangi la mafuta.

Kabla hujalipa, kagua. Injini ikiwa ya baridi, washa gari uwanjani. Mwenzako azibe mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene, kwa nukta chache tu, nawe usikilize kwenye maungio. Ukisikia mlio wa hewa ikitoka, kazi haijaisha. Masizi meusi kwenye maungio ni ushahidi wa uvujaji. Chukua risiti iliyoandikwa jina la spea na muda wa dhamana.

Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, wala usilale garini injini ikinguruma.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ekzosi ukiachwa, huenda kusiwe na wa kujenga. Tukirudi nyumbani leo, kila mwenye gari achungulie chini ya gari lake.