Matete yanayosafisha majitaka

Mto Mara hauingii Ziwa Victoria moja kwa moja. Hupita kwanza kwenye mafunjo, na huko huacha tope na sehemu ya uchafu wake. Wahandisi wameiga kazi hiyo. Shule ya sekondari Ruaha, Iringa, ina ardhioevu ya kutengenezwa. Mgahawa wa Carnivore, Nairobi, ulijenga yake miaka ya 1990.

Majitaka hutuama kwanza kwenye tanki, kisha hupenya polepole kitanda cha kokoto kilichopandwa matete. Mtambo wenyewe ni bakteria walioshika kokoto na mizizi: hula uchafu, na sehemu ya naitrojeni hupaa kama gesi. Maji yakipita chini ya uso wa kokoto, mbu hawapati pa kuzalia. Fosforasi ni sugu. Kokoto zikishiba, huanza kuipitisha.

Kwa Nyamuswa, mkoani Mara, ambako ardhi ipo na mashine za umeme ni ghali kuendesha, naona njia hii inafaa shule na vituo vya afya vyenye vyoo vya maji. Lakini matete yavunwe na tanki linyonywe kwa wakati, la sivyo kitanda huziba. Na maji yanayotoka humo si ya kunywa.