Kura Tusiyoipiga



Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao Arusha, hututungia sheria. Wajumbe 9 wa Kenya humo huchaguliwa na wabunge wetu, wala si nasi. Mwaka 2006 hata wabunge hawakupiga kura. Majina yalipitishwa kamatini. Machi 2007 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kuwa huo haukuwa uchaguzi.

Je, tumlaumu raia kwa kutojali? Atajalije jambo asiloulizwa? Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya irekebishwe, tuwachague wenyewe. Tena kila mjumbe awe na eneo lake. Wananchi wa Ulaya hulichagua Bunge lao moja kwa moja tangu 1979, lakini mwaka 2014 waliojitokeza hawakufika asilimia 43. Kura ya kumchagua mjumbe asiyejulikana haimtoi mtu nyumbani.

Tudai yote mawili.