Kukataa Matokeo na Imani ya Mpiga Kura

Kukataa matokeo, yaani kudai kwamba kura zimeibwa bila kuonyesha ushahidi, ni tofauti na kuyapinga kwa hoja, ingawa mpaka huo hufifia pale njia ya kupinga inapofungwa. Mpiga kura wa Kibaha au Kisarawe anaweza kupinga ubunge Mahakama Kuu, lakini Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania huzizuia mahakama kuchunguza ushindi wa Rais uliokwisha kutangazwa na Tume ya Uchaguzi, kizuizi ambacho Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliona, mwaka 2020, kuwa kinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Kwa hiyo shaka, hata yenye msingi, hukosa pa kupimiwa na kugeuka uvumi, ilhali Kenya iliufuta uchaguzi wa urais mahakamani tarehe 1 Septemba 2017.